Handaki la Siri Baina ya Meru na Embu: Namna ya Kusanidi Mtandao Pepe wa Faragha katika Ruta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ruta mbili, moja mjini Meru na nyingine mjini Embu, zinavyoweza kuunganishwa kwa handaki salama linalopita juu ya intaneti ya umma. Yanaanza kwa kujadili istilahi zinazohitajika, kisha yanafafanua kanuni za usimbaji na ubadilishanaji wa funguo, na hatimaye yanapitia hatua za usanidi, majaribio na hitilafu za kawaida. Hoja kuu ni kwamba usalama wa handaki hautokani na ughali wa mtambo. Unatokana na maelewano kamili baina ya watu wawili walio mbalimbali, na maelewano hayo ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la mitambo.

1.0 Utangulizi

Hadi mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010, mji wa Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Waraka wa kiserikali uliotoka Meru kwenda huko ulisafiri kwa barabara, ukapita Nkubu na Chuka, ukavuka madaraja ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, ndipo ukafika. Waraka wa siri haukupelekwa vivi hivi. Ulitiwa katika bahasha ya ndani iliyoandikwa jina la mlengwa, ikafungwa kwa lakiri, kisha bahasha hiyo ikatiwa ndani ya nyingine iliyoandikwa anwani ya ofisi tu. Tarishi aliona anwani ya ofisi. Yaliyomo hakuyajua, na kama lakiri ingevunjwa njiani, mpokeaji angetambua.

Leo sehemu kubwa ya nyaraka hizo husafiri kwa njia ya tarakilishi. Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, na mikongo ya mawasiliano ikaendelea kutandazwa bara, ofisi ndogo iliyo Runyenjes au Maua inaweza kutuma faili mahali popote duniani kwa sekunde chache. Hata hivyo, kasi hii imekuja na swali ambalo tarishi wa zamani alikwisha kulijibu: ni nani anayeweza kuufungua waraka njiani?

Chukuliwe mfano wa shirika la afya lenye makao yake mjini Meru na zahanati moja mjini Embu. Zahanati inachukua damu ya mgonjwa, inaandika majibu ya maabara, na kuyatuma Meru yanakohifadhiwa. Katika miji ambayo watu wanajuana kwa majina ya koo na ya soko, mgonjwa hamhofii sana mdukuzi wa ng'ambo. Anamhofia jirani. Majibu ya kipimo kimoja yakivuja, ndoa inaweza kuvunjika, kazi ikapotea, na mtu akaacha kwenda kuchukua dawa. Huo ndio uzito wa jambo linalojadiliwa hapa.

Sheria nayo imelitilia mkazo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa miongoni mwa data nyeti, na kumtaka mwenye kuidhibiti data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua kwamba imevuja na inaweza kumdhuru mwenyewe.

2.0 Kuhusu istilahi

Msomaji wa Kiswahili anayeingia katika uwanja huu hukutana na tatizo la istilahi mlangoni. Hata kifaa chenyewe kimewahi kuitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila jina lina watetezi wake. Jitihada za kutafsiri programu kwa Kiswahili, kama ile iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilionyesha kwamba lugha inaweza kubeba mambo haya. Hapa istilahi nne zinahitaji kufafanuliwa.

Kwanza ni ruta. Hiki ni kifaa kinachosimama mpakani, baina ya mtandao wa ndani wa ofisi na intaneti. Kazi yake ni kusoma anwani ya kila pakiti ya data na kuamua ielekee wapi. Kimewahi kupendekezewa majina marefu yenye maana ya kielekezi au kisambazaji, lakini mafundi wa Meru na Embu husema ruta, na neno hilo limekwisha kukubali ngeli na viambishi: ruta hii, ruta zetu.

Pili ni mtandao pepe wa faragha, ambao kwa kifupi cha kimataifa huitwa VPN. Neno pepe limezoeleka kutokana na barua pepe, nalo hudokeza kitu kisichoshikika lakini kinachofanya kazi ya kile kinachoshikika. Baadhi ya waandishi husema mtandao pepe binafsi. Tofauti ya binafsi na faragha si ndogo. Binafsi huelekeza fikra kwenye umiliki: kitu hiki ni cha nani. Faragha huelekeza fikra kwenye hali: watu wamejitenga ili wasisikiwe. Nyaya zinazobeba data ya zahanati si mali ya zahanati. Ni za watoa huduma wa intaneti, na wateja wengine wengi wanazitumia. Kinachopatikana si umiliki bali utengano. Kwa hiyo faragha ndilo neno linalolenga shabaha.

Tatu ni handaki. Kwa asili neno hili, lililotoka Kiarabu, lilimaanisha shimo refu linalochimbwa kuzunguka ngome au la kujificha wanajeshi. Siku hizi hutumika pia kwa njia ya chini kwa chini, kama zile zinazopitisha reli chini ya vilima. Katika mtandao, handaki ni njia ya kimantiki: pakiti inaingizwa yote ndani ya pakiti nyingine, kama bahasha ya ndani katika bahasha ya nje, na kutolewa inapofika upande wa pili.

Nne ni kusimba na kusimbua. Kusimba ni kuigeuza habari iwe maandishi yasiyosomeka ila kwa mwenye ufunguo. Kusimbua ni kuirudisha katika hali yake ya kwanza.

3.0 Njia ya wazi na hatari zake

Intaneti haikuundwa iwe ya siri. Pakiti ikitoka Embu kwenda Meru haifuati lazima barabara ya Chuka. Iwapo ofisi mbili zinatumia watoa huduma tofauti, huenda pakiti ikapelekwa kwanza hadi Nairobi, mahali watoa huduma wanapokutana kubadilishana data, kisha ikarudi kaskazini. Katika safari hiyo inapita mikononi mwa ruta kadhaa zisizo za shirika. Kila moja ni tarishi anayebeba kadi ya posta: anaweza kuisoma, kuinakili, au kuibadilisha.

Hatari, basi, ni tatu. Ya kwanza ni kusomwa, yaani siri kutoka. Ya pili ni kubadilishwa, kwa mfano majibu ya maabara kugeuzwa, jambo ambalo linaweza kumdhuru mgonjwa kuliko hata siri yenyewe kutoka. Ya tatu ni kuigizwa: mtambo wa mtu mwingine kujidai kuwa ruta ya Embu na kupokea kisichokuwa chake. Handaki lililo salama sharti lizijibu zote tatu kwa pamoja. Likijibu mbili tu, halijawa salama.

4.0 Kanuni za usimbaji

4.1 Kutoka kinyume hadi AES

Waswahili si wageni wa usimbaji. Katika karne ya 19 Edward Steere alikitaja kinyume miongoni mwa desturi za lugha alizozikuta Unguja. Katika mchezo huu, silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo: siri huwa risi, pesa huwa sape, barua huwa abaru. Asiyejua kanuni hupotea kabisa. Lakini udhaifu wake uko papo hapo, kwani siri yote imo katika kanuni. Mtoto mmoja akishaigundua, kinyume cha mtaa mzima kimekufa.

Mnamo mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa mwalimu wa lugha nchini Ufaransa, alitoa hoja ambayo bado ni msingi wa taaluma hii. Alisema kwamba mfumo wa usimbaji sharti ubaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Kwa maneno mengine, kanuni iwe wazi kwa kila mtu na siri iwe katika ufunguo peke yake, kwa sababu ufunguo ukivuja hubadilishwa kwa dakika moja, ilhali kanuni ikivuja mfumo mzima hubomoka.

Kanuni inayotumika zaidi leo ni AES, iliyoidhinishwa na Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001 baada ya mashindano ya wazi. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Mtu yeyote anaweza kuisoma hatua kwa hatua. Ufunguo wake una urefu wa biti 128, 192 au 256. Ule mfupi kabisa, wa biti 128, una uwezekano ambao idadi yake ina tarakimu 39, na hakuna mtambo unaoweza kuujaribu wote. Kanuni iliyoitangulia, DES, ilikuwa na ufunguo wa biti 56, na mwaka 1998 mtambo maalumu uliotengenezwa Marekani uliupata ufunguo wake kwa muda usiotimia siku 3. Bado zipo ruta kuukuu zinazomruhusu fundi kuchagua DES. Asiichague.

4.2 Ufunguo unapatikanaje?

Ikiwa usalama wote uko katika ufunguo, ruta mbili zinakubalianaje juu ya ufunguo huo ilhali njia pekee waliyo nayo ni ileile ya wazi? Jibu lilitolewa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Mfano wa unga unaweza kusaidia. Meru na Embu zinakubaliana hadharani kuanza na kilo moja ya unga wa mahindi kila mmoja. Meru inaongeza kipimo cha wimbi kinachojulikana nayo tu; Embu inaongeza kipimo cha mtama kinachojulikana nayo tu. Kisha wanabadilishana mifuko. Mtu aliye njiani anaiona mifuko yote miwili, lakini kutenganisha unga uliokwisha kuchanganywa si kazi rahisi. Meru sasa inatia kipimo chake cha wimbi katika mfuko uliotoka Embu, na Embu inatia mtama wake katika mfuko uliotoka Meru. Mwishowe kila upande una mchanganyiko uleule: mahindi, wimbi na mtama kwa vipimo sawa. Aliye njiani hana. Hata akichanganya mifuko miwili aliyoiona, mahindi yatazidi. Katika ruta, unga ni nambari kubwa mno, na kuchanganya ni hesabu iliyo nyepesi kwenda mbele na ngumu kupindukia kurudi nyuma.

Njia hii ina tundu moja. Mtu wa katikati anaweza kujifanya Embu mbele ya Meru, na kujifanya Meru mbele ya Embu, akabadilishana mifuko na wote wawili. Ndiyo maana kila upande sharti uthibitishe utambulisho wake, ama kwa neno la siri lililokubaliwa mapema au kwa cheti cha dijitali.

4.3 Lakiri ya kidijitali

Kuzuia kubadilishwa kwa data, kila pakiti hutiwa muhuri unaokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na ufunguo. Kanuni ya SHA-256 hutumika sana kwa kazi hii. Herufi moja ikibadilika, muhuri haulingani tena, na ruta inayopokea huitupa pakiti bila kuuliza. Hii ndiyo lakiri ya zama hizi.

5.0 Hatua za usanidi

Mkusanyiko wa itifaki unaotumika zaidi kuunganisha ruta na ruta huitwa IPsec. Toleo lake la usanifu linalofuatwa sasa lilichapishwa mwaka 2005, na itifaki yake ya majadiliano huitwa IKEv2. Amri zenyewe hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, lakini mambo yanayoamuliwa ni yaleyale.

5.1 Maandalizi

Kabla ya kugusa ruta yoyote, fundi wa Meru na wa Embu waandike karatasi moja inayofanana neno kwa neno. Karatasi hiyo iwe na mambo yafuatayo:

(i) Anwani ya umma ya kila ruta. Kwa mfano, Meru iwe 203.0.113.10 na Embu iwe 198.51.100.20. Anwani hizi zimetengwa kwa mifano ya vitabuni. Kila ofisi itaweka ile iliyopewa na mtoa huduma wake.

(ii) Anwani za mtandao wa ndani. Meru itumie 192.168.10.0/24 na Embu 192.168.20.0/24. Makundi haya mawili yasifanane kamwe. Ruta nyingi hutoka dukani zikiwa na 192.168.1.0, na ofisi mbili zikiachwa hivyo, tarakilishi ya Meru inayomtafuta mwenzake wa Embu itadhani yumo chumba kilekile na haitaipeleka pakiti kwenye handaki hata kidogo.

(iii) Kanuni za usimbaji, za muhuri, na za kubadilishana ufunguo.

(iv) Muda wa kudumu kwa funguo.

Neno la siri lisiandikwe kwenye karatasi hiyo. Liwe refu, la herufi zisizopungua 24 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na programu, wala lisiwe jina la mji, la mke au la timu ya kandanda. Lisitumwe kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe huo utabaki kwenye simu miezi na miaka. Lililo bora ni fundi mmoja kulipeleka kwa mkono wake. Nauli ya matatu kutoka Meru hadi Embu si ghali ikilinganishwa na siri za wagonjwa.

5.2 Awamu ya kwanza: kufahamiana

Katika awamu hii ruta mbili zinatambuana na kujenga njia ndogo ya mazungumzo ya siri. Kila upande unaelezwa anwani ya mwenzake, neno la siri, na kanuni zilizokubaliwa. Chaguo linalofaa ni IKEv2, AES yenye ufunguo wa biti 256, SHA-256, na kundi la Diffie-Hellman namba 14 au namba 19. Kundi namba 1 na namba 2 yaachwe, kwani nambari zake ni ndogo mno kwa nguvu za tarakilishi za leo. Muda wa kudumu aghalabu huwekwa sekunde 86,400, yaani siku moja.

5.3 Awamu ya pili: kubeba mizigo

Awamu ya pili hujenga handaki lenyewe. Hapa fundi hutaja data ipi ipite ndani yake. Upande wa Meru unaeleza: kinachotoka 192.168.10.0/24 kwenda 192.168.20.0/24 kisimbwe. Upande wa Embu unaeleza kinyume chake halisi: kinachotoka 192.168.20.0/24 kwenda 192.168.10.0/24. Maelezo haya mawili yawe kama uso na taswira yake kwenye kioo. Upande mmoja ukitaja kundi pana kuliko mwenzake, majadiliano yanaweza kukwama.

Muda wa funguo hapa huwa mfupi zaidi, kwa mfano sekunde 3,600. Inafaa pia kuamuru kwamba kila ufunguo mpya utokane na mchanganyiko mpya wa Diffie-Hellman. Faida yake ni kwamba mwizi akiupata ufunguo wa saa moja, atasoma ya saa hiyo tu. Ya jana na ya kesho yatabaki yamefungwa.

5.4 Njia, ngome na ubadilishaji wa anwani

Handaki likishaandikwa, mambo matatu bado yanahitajika. Kwanza, ruta ielekezwe kwamba njia ya kwenda mtandao wa mwenzake ni handaki hilo. Pili, ngome ya kila ruta iruhusu mazungumzo ya IPsec, yaani UDP kwenye lango namba 500 na 4500, pamoja na itifaki namba 50, tena kutoka anwani ya mwenzake tu.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, kuna suala la ubadilishaji wa anwani. Kwa kawaida ruta huifuta anwani ya ndani ya pakiti na kuweka ile ya umma kabla pakiti haijatoka. Katika ruta nyingi jambo hili hutendeka kabla ya usimbaji. Matokeo yake ni kwamba pakiti inayokwenda Embu inafika mlangoni pa handaki ikiwa imekwisha kuvishwa anwani nyingine, haitambuliwi, na inaachwa ipite njia ya wazi au ipotee. Kwa hiyo fundi hana budi kuandika sharti la kuzitenga pakiti za Meru na Embu zisibadilishwe anwani.

Iwapo zahanati ya Embu inatumia modemu ya mtandao wa simu na haina anwani yake ya umma, handaki bado linawezekana. Embu ndiyo itakayoanzisha mazungumzo kila mara, na Meru isanidiwe kumtambua mwenzake kwa jina lililokubaliwa badala ya anwani. Pakiti zake zitasafiri ndani ya lango namba 4500.

5.5 Majaribio

Jaribio lifanywe kutoka tarakilishi ya Meru kwenda tarakilishi ya Embu, si kutoka ruta yenyewe, kwa maana ruta huenda ikatumia anwani yake ya umma, ambayo haimo katika maelezo ya awamu ya pili. Kisha fundi asome hesabu za ruta: pakiti ngapi zimesimbwa na ngapi zimesimbuliwa. Hesabu zote mbili zikipanda, handaki linafanya kazi. Zilizosimbwa zikipanda huku zilizosimbuliwa zikibaki sifuri, ujumbe unakwenda lakini haurudi, na kosa huenda likawa upande wa pili au njiani.

6.0 Hitilafu za kawaida

Hitilafu ya kwanza ni kutolingana. Meru imeandika AES ya biti 256, Embu ya biti 128. Au neno la siri limeongezewa nafasi moja mwishoni. Awamu ya kwanza ikishindwa, uchunguzi uanze kwa anwani, neno la siri na kanuni. Ya kwanza ikifaulu na ya pili ikashindwa, uchunguzwe ulinganifu wa makundi ya anwani.

Hitilafu ya pili humshangaza fundi mgeni: majaribio madogo yanafaulu, lakini faili kubwa zinakwama. Sababu ni ukubwa wa bahasha. Pakiti ya kawaida hubeba baiti 1,500. Bahasha ya nje na muhuri vikiongezwa, pakiti inazidi kipimo, na baadhi ya ruta za njiani huitupa. Dawa yake ni kuziamuru tarakilishi, kupitia ruta, zitumie vipande vidogo zaidi. Kiasi cha baiti 1,360 kwa kila kipande aghalabu hutosha.

Hitilafu ya tatu ni umeme. Ruta iliyosanidiwa bila usanidi wake kuhifadhiwa huamka baada ya umeme kukatika ikiwa imesahau kila kitu. Aidha, upande mmoja ukizimika ghafla, mwingine unaweza kuendelea kusimba kwa ufunguo ambao mwenzake hanao tena. Ruta zote mbili ziamriwe kuulizana hali kila baada ya sekunde chache, na mmoja asipojibu, mazungumzo yaanze upya.

7.0 Mipaka ya handaki

Handaki linalinda njia, halilindi nyumba. Data ikishatoka upande wa Meru iko wazi kama kawaida, na mfanyakazi aliyeacha tarakilishi bila nywila amefuta kazi yote ya AES. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena, handaki hupitisha pande zote mbili: programu haribifu iliyoingia Embu kwa kifaa cha kubebea faili inaweza kutembea hadi Meru ndani ya njia iliyosimbwa, bila kuonekana na mtu. Kwa hiyo ngome iruhusu ndani ya handaki zile huduma zinazohitajika tu, siyo kila kitu.

Isitoshe, handaki haliufichi uhusiano. Mtu aliye njiani hataona kilichomo, lakini ataona kwamba anwani mbili zinazungumza, saa ngapi, na kwa wingi gani.

Mwisho, hakuna handaki la milele. Itifaki ya zamani ya PPTP iliaminiwa na ofisi nyingi, lakini mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba njia yake ya kawaida ya kuthibitisha watumiaji inaweza kuvunjwa kwa hakika. Kwa upande mwingine, itifaki mpya ya WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, imepunguza machaguo ili kupunguza makosa. Programu za ruta zisasishwe, maneno ya siri yabadilishwe kila fundi anapoacha kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba handaki baina ya Meru na Embu ni mapatano: anwani, kanuni, neno la siri, muda, na maelezo yanayotazamana kama uso na kioo. Hitilafu nyingi zilizotajwa zinatokana na pande mbili kudhani zimeelewana ilhali hazijaelewana. Fundi wa Meru akitoa maelekezo kwa simu kwa karani wa Embu, lugha watakayotumia ndiyo itakayoamua kama sharti la kuzitenga anwani litaandikwa au litarukwa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba, lakini urasmi huo hautakuwa na maana ikiwa karatasi iliyobandikwa kando ya ruta haisomeki na yule anayebaki nayo usiku umeme unapokatika. Istilahi zilizojadiliwa hapa si za mwisho. Zinahitaji kupimwa na mafundi wenyewe, kurekebishwa na kusanifishwa. Lakini mgonjwa wa Embu hawezi kusubiri kamusi ikamilike. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sharti abaki kuwa kata peke yake.